BNP, NT-proBNP au potasiamu: damu ipi ipimwe kufuatilia dawa za moyo?

Karatasi mbili za maabara zilikuwa mezani kwetu Kiboriloni, moja ya Machi na nyingine ya Juni. Ya Machi ilisema BNP, kipimo cha damu cha moyo, ni 410. Ya Juni ilisema BNP 520. Kati ya miezi hiyo mama alikuwa ameanzishiwa dawa mpya ya moyo, ile yenye sakubitrili na valsartani ndani ya kidonge kimoja, ambayo kaka yangu alikuwa akiinunua Dar es Salaam na kututumia kwa basi. Nilipompigia simu nikamsomea zile namba, alisema dawa haifanyi kazi, tuisimamishe. Nilikubaliana naye. Kwa siku tisa mama hakuimeza.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba mama mwenyewe alikuwa ameshatupa jibu. Alikuwa anapanda hadi kanisani bila kusimama njiani kutafuta pumzi. Miguu ilikuwa imenywea, viatu vinaingia. Alikuwa analala na mto mmoja badala ya mitatu. Tuliiamini karatasi tukamwacha mtu aliyekaa mbele yetu. Siku ya kliniki, pumzi ikiwa imeshaanza kukata tena, daktari aliitazama ile karatasi ya Juni akauliza, "Hii ni BNP. NT-proBNP hamkupima?" Sikujua kama ni vitu viwili.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi, udaktari sina. Ninachokijua nimekipata kwa kusoma, kwa kuwauliza madaktari na watu wa maabara bila kuchoka, na kwa kubeba daftari la mama kliniki kwa miaka minne. Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo ameshika karatasi kama zile zangu, na pesa aliyonayo mfukoni inatosha kipimo kimoja tu.

Protini mbili, chanzo kimoja

Moyo ukishindwa kusukuma damu inavyotakiwa, damu hujaa kwenye vyumba vyake na kuta hunyooshwa. Seli za kuta hizo hujibu kwa kutengeneza protini moja ndefu yenye viungo 108 vya asidi amino, kisha protini hiyo hukatwa vipande viwili. Kipande cha viungo 32 ndicho BNP. Hiki ni homoni hai: huziambia figo zitoe chumvi na maji, na huilegeza mishipa ya damu ili moyo upumue. Kipande cha viungo 76 ndicho NT-proBNP, ambacho hakifanyi kazi ya homoni, kinazunguka tu kwenye damu mpaka kiondolewe.

BNP iligunduliwa na watafiti wa Kijapani mwaka 1988 ndani ya ubongo wa nguruwe. Herufi B ni ya neno la Kiingereza la ubongo, na jina limebaki hivyo hivyo hata ilipokuja kujulikana kwamba kiwanda chake kikuu ni moyo. Nalisema hili kwa sababu nimeshamkuta mtu nje ya maabara akiwa na hofu kwamba mzazi wake ametumwa kupima ugonjwa wa ubongo.

Kwa hiyo vipimo vyote viwili vinasema jambo moja: ukuta wa moyo unavutwa, na unavutwa kiasi gani. Havisemi kwa nini. Presha, valvu iliyoharibika kwa homa ya rumatiki ya utotoni, moyo uliolegea baada ya kujifungua, vyote hupandisha namba ile ile. Kujua chanzo kunahitaji ultrasaundi ya moyo, ile inayoitwa eko, na hakuna kipimo cha damu kinachoshika nafasi yake.

BNP na NT-proBNP bega kwa bega

| Jambo | BNP | NT-proBNP |
|---|---|---|
| Nusu yake huondoka kwenye damu baada ya | dakika 20 hivi | saa 1 hadi 2 |
| Mgonjwa anayemeza sakubitrili | namba huweza kupanda kwa sababu ya dawa | namba hufuata hali ya moyo |
| Figo zikiwa dhaifu | hupanda | hupanda zaidi |
| Damu ikikaa nje ya friji | huharibika ndani ya saa chache | huvumilia siku mbili tatu |
| Kliniki, kwa mgonjwa asiye mahututi: moyo kushindwa hakuelekei chini ya | 35 pg/ml | 125 pg/ml |
| Mapokezi ya dharura: hakuelekei chini ya | 100 pg/ml | 300 pg/ml |

Mstari wa pili wa jedwali ndio uliotuponza sisi. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho neprilisini ambacho kazi yake mojawapo ni kuivunja BNP. Sakubitrili hukizuia kimeng'enya hicho, makusudi kabisa, ili homoni nzuri kama BNP zidumu zaidi. Ukiipima BNP ya mtu anayemeza dawa hiyo, unaweza kuikuta imepanda wakati moyo unapata nafuu. NT-proBNP haivunjwi na neprilisini, kwa hiyo hiyo hushuka kama moyo umepumzika kweli. Jambo hili lilionekana wazi kwenye utafiti wa PARADIGM-HF uliotoka mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa 8,442: waliomeza dawa hiyo BNP yao ilipanda kidogo, NT-proBNP ikashuka, na vifo vya moyo pamoja na kulazwa kwa ajili ya moyo vilipungua kwa moja ya tano wakilinganishwa na waliomeza enalaprili, dawa ya moyo ya zamani zaidi.

Kama mzazi wako anameza sakubitrili, basi hapa hakuna cha kujadili. NT-proBNP. Kama dirisha la maabara wana BNP tu, bora usipime kuliko kupima kitu kitakachokudanganya.

Mstari wa damu kukaa nje nao una uzito kwetu huku. Mtu wa Mwika au Tarakea anaweza kutolewa damu kwenye kituo cha jirani, sampuli ikasafirishwa hadi mjini Moshi, na wakati mwingine ikapelekwa mbali zaidi. BNP haiwezi safari hiyo bila kutenganishwa mapema na kuwekwa kwenye baridi. NT-proBNP inaiweza. Kabla ya kukunja mkono wa shati muulize mtoa damu maswali mawili: kipimo kinafanyika hapa hapa au kinatumwa? Kikitumwa, kinaondoka leo? Watu wa maabara hujibu maswali haya vizuri ukiwauliza kwa adabu, na mara nyingine wao wenyewe hukushauri urudi asubuhi ya siku gari la sampuli linapoondoka.

Pale ambapo BNP inashinda ni kwa mgonjwa wa figo asiyemeza sakubitrili, kwa kuwa udhaifu wa figo huichafua kidogo kuliko mwenzake. Ushindi wenyewe ni mdogo. Vyote viwili husomwa kwa tahadhari kwa mtu wa namna hiyo.

Halafu kuna kosa ambalo nimeliona kwa majirani wawili tofauti: kuchukua BNP ya hospitali moja na kuilinganisha na NT-proBNP ya hospitali nyingine. Namba za NT-proBNP huwa kubwa mara kadhaa kuliko za BNP kwa mtu yule yule, siku ile ile. Aliyekuwa na BNP 500 akaenda kupimwa NT-proBNP akaambiwa 2,600 hajazidiwa mara tano. Amebadilishiwa rula. Chagua kimoja, kaa nacho, na ikiwezekana kaa na maabara moja. Angalia pia kizio kilichoandikwa pembeni ya namba: pg/ml na ng/L ni kitu kimoja, lakini pmol/L ni kingine kabisa.

Namba imeshuka. Imeshuka vya kutosha?

Protini hizi hucheza zenyewe hata kwa mgonjwa aliyetulia, ambaye hajabadilisha dawa wala chakula. Tofauti ya robo hivi kati ya wiki moja na nyingine ni ya kawaida. NT-proBNP ikitoka 1,400 ikawa 1,250, usichinje mbuzi. Ikitoka 1,250 ikawa 1,400, usilie. Madaktari huanza kuipa uzito inaposhuka kwa theluthi au zaidi. Kwa mgonjwa aliyelazwa, NT-proBNP iliyoshuka zaidi ya asilimia 30 kati ya kuingia na kuruhusiwa ni dalili njema, na isiyoshuka ni sababu ya kutokuwa na haraka ya kumpeleka nyumbani.

Kuna mambo mengine ya kuyajua kabla hujaogopa. Unene huishusha namba, kwa hiyo mama mnene mwenye NT-proBNP ya chini bado anaweza kuwa na moyo ulioshindwa. Uzee huipandisha. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huipandisha. Ndiyo maana kule mapokezi ya dharura, daktari anayetaka kuthibitisha kwamba kukosa pumzi kunatokana na moyo hutumia NT-proBNP 450 kwa aliye chini ya miaka 50, 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, na 1,800 kwa aliyepita hapo. Wengi wetu hatulijui hili, na kwetu Afrika lina maana ya pekee, kwa kuwa wagonjwa wetu wa moyo ni vijana kuliko wa Ulaya. Katika utafiti wa THESUS-HF uliotoka mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, wastani wa umri ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Mtu wa miaka 45 mwenye NT-proBNP 700 asiambiwe "ni ndogo hiyo" kwa sababu tu babu wa jirani ana 1,700.

Je, dawa ziongezwe kwa kuifuata namba?

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi kusoma, maana nilikuwa na ndoto ya kupima kila mwezi na kuishusha namba ya mama kama unavyoshusha sukari au presha.

Mwaka 2000 watafiti wa New Zealand walichukua wagonjwa 69. Nusu yao waliongezewa dawa kwa kufuata kipimo cha damu, nusu kwa kufuata uchunguzi wa daktari. Waliofuata damu walipata matatizo machache zaidi, na dunia ikachangamka. Mwaka 2009 ukaja TIME-CHF, wagonjwa 499 wenye miaka 60 na kuendelea: kwa jumla hakukuwa na tofauti katika kuishi bila kulazwa, ila walio chini ya miaka 75 walionekana kunufaika, na waliozidi hapo hawakunufaika. Kisha mwaka 2017 ukatoka GUIDE-IT, wa Marekani na Kanada, wagonjwa 894, lengo likiwa kuishusha NT-proBNP chini ya 1,000. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu matokeo yalilingana: katika kila kundi, asilimia 37 walilazwa kwa ajili ya moyo au walifariki kwa ugonjwa wa moyo.

Nilipousoma huo wa mwisho mara ya kwanza nilivunjika moyo, nikaona kipimo hakina maana. Nilipourudia nikaona jambo lingine. Makundi yote mawili yalikuwa mikononi mwa madaktari makini, na mwishowe yakapata dawa zinazokaribiana. Kinachoponya ni dawa sahihi kwa kipimo cha kutosha, na namba ilikuwa kisukumio tu. Pale daktari anaposukuma bila kusubiri namba, namba haiongezi kitu.

Mwaka 2022 utafiti wa STRONG-HF ukanionyesha mahali pa namba hiyo. Wagonjwa 1,078 kutoka nchi 14, wakiwemo wa Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, waliokuwa wanatoka wodini. Kundi moja lilipewa dawa haraka: karibu nusu ya dozi kamili kabla ya kuruhusiwa, dozi kamili ndani ya wiki mbili, na kuonwa wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. NT-proBNP ilipimwa kama kengele. Ikipanda zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyokuwa kabla ya kuruhusiwa, daktari alisita kuongeza dawa za kundi la bisoprololi na karvediloli, akafikiria kuongeza dawa ya kukojoza. Baada ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 kwa waliofuata utaratibu wa kawaida.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, NT-proBNP ina nyakati tatu za kulipiwa: wakati ugonjwa haujajulikana vizuri, siku ya kutoka wodini pamoja na wiki chache zinazofuata, na siku ambayo mgonjwa amebadilika na daktari hana uhakika kama ni moyo, mapafu au uchovu. Nje ya hapo, kuipima kila mwezi kwa mtu aliyetulia ni kuchoma pesa ya nauli na dawa.

Kipimo cha bei ndogo ambacho ningekichagua kwanza

Potasiamu na kreatinini, taka inayochujwa na figo. Vimezoeleka mno hata hakuna anayeviita alama za moyo, lakini ndivyo vinavyomruhusu au kumzuia daktari kuongeza dawa. Enalaprili, losartani, sakubitrili na valsartani, spironolaktoni: zote hugusa figo na zote huweza kupandisha potasiamu. Furosemidi, ile dawa ya kukojoza, hufanya kinyume, huitoa potasiamu kwenye mkojo. Potasiamu ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Ikipungua sana mapigo huvurugika. Na mgonjwa anaweza asihisi chochote mpaka dakika ya mwisho. Tofauti kubwa na NT-proBNP ni hii: NT-proBNP ikipanda huenda mtu ameshaanza kuhema, wakati potasiamu huua kimyakimya.

Kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Kwa anayemeza spironolaktoni, miongozo inayofuatwa na madaktari husema ikipita 5.5 dozi ipunguzwe nusu, ikipita 6.0 isimamishwe, na vipimo virudiwe karibu karibu. Baada ya kuanzishwa au kuongezewa dozi, damu hupimwa wiki ya kwanza na wiki ya nne, kisha kwa kuachana zaidi. Kreatinini kupanda kidogo mwanzoni mwa dawa hizi ni jambo linalotarajiwa. Daktari huweza kuvumilia hadi nusu juu ya ilivyokuwa mwanzo, kama mgonjwa yuko sawa. Nimemwona mzee mmoja akiachishwa dawa nzuri kwa sababu kreatinini ilitoka 90 ikawa 108. Inasikitisha.

Sasa yale ya jikoni kwetu. Ndizi mbivu moja ya wastani ina potasiamu ya takriban miligramu 400, na ndizi za kupika nazo zimejaa. Mtu wa Kilimanjaro anayemeza spironolaktoni na kula mtori, ile supu nzito ya ndizi, asubuhi, machalari ya ndizi mchana, na parachichi jioni anajaza ndoo huku dawa imefunga bomba la kutolea. Sisemi mama asile ndizi. Ukimnyima Mchaga ndizi umemnyima chakula. Kumenya, kukata vipande, kuchemsha na kuyamwaga maji ya kwanza hupunguza sehemu ya potasiamu, ila mtori hauna maji ya kumwaga, kwa hiyo kwetu mtori umekuwa wa Jumapili. Magadi tumeyaacha kabisa, kwenye kiburu cha ndizi na maharage na kwenye makande, maana magadi ni sodiamu na sodiamu huvuta maji. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kuwa salama kwa wenye presha, soma lebo kwanza: nyingi zimewekewa potasiamu mahali pa sodiamu.

Jingine ni diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa. Magoti ya mtu aliyelima kahawa maisha yake yote yanauma, na vidonge hivyo viko karibu. Hubana figo, hushikilia maji mwilini, hupandisha potasiamu. Wiki mama alipomeza diklofenaki siku nne kwa siri, kreatinini ilitusimulia yeye akiwa bado hajasema.

Kipimo hiki nacho kina uongo wake. Siku moja nilipigiwa simu jioni: potasiamu 6.3, mrudishe mgonjwa haraka. Tulikodi gari usiku tukiwa tunatetemeka. Ilipopimwa upya ilikuwa 4.6. Damu ya kwanza ilitolewa kwa shida, kamba ikikaa mkononi muda mrefu, mama akiambiwa akunje na kukunjua ngumi, kisha kichupa kikasafirishwa kwa bodaboda kwenye njia ya makorongo. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake, na mashine huisoma kama ya damu yote. Bado ningekimbia tena usiku ule, kwa sababu huwezi kukaa na namba kama hiyo mpaka asubuhi. Ila tangu hapo namwomba mtoa damu asimkunjishe mama ngumi, na asiikaze kamba muda mrefu.

Mizani

Asubuhi, baada ya haja ndogo, kabla ya chai, nguo zile zile. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, na tunapiga simu kliniki siku hiyo hiyo. Mizani haitofautishi maji na nyama kwa miezi, lakini kwa siku tatu hakuna mtu anayenenepa kilo mbili za nyama. Kati ya kila nilichokilinganisha hapa, hiki ndicho pekee unachokilipia mara moja.

Vingine utakavyosikia

Troponini hupimwa panapohofiwa shambulio la moyo. Kwa kufuatilia dawa mwezi hadi mwezi haitusaidii. ST2 na galektini-3 husomwa kwenye makala za watafiti kuliko kliniki, na pesa yako isiende huko.

Madini ya chuma ni habari tofauti. Mgonjwa wa moyo mwenye upungufu wa chuma huchoka na kuhema hata dawa zikiwa sawa, na hemoglobini inaweza kuonekana nzuri huku akiba imekwisha. Kinachopimwa ni feritini: chini ya 100 ni upungufu kwa mgonjwa wa moyo, na kati ya 100 na 299 hutazamwa pamoja na kipimo kingine cha jinsi chuma kinavyobebwa kwenye damu. Vidonge vya chuma havikuonyesha msaada kwa wagonjwa hawa pale vilipofanyiwa utafiti. Chuma cha sindano ndicho kilichosaidia. Mzazi wako akiwa hana maji, namba zake nzuri, lakini bado anachoka kupita kiasi, mwulize daktari kuhusu feritini kabla ya kulipia NT-proBNP nyingine.

Ukiwa na pesa ya kimoja

Aliyetoka wodini wiki hii, na NT-proBNP ya siku ya kuruhusiwa imeandikwa kwenye karatasi: mpime potasiamu na kreatinini wiki ya kwanza bila kukosa, na NT-proBNP kama mfuko unaruhusu, hasa ikiwa dawa zinaongezwa haraka. Kama ya siku ya kuruhusiwa haipo, iombe kabla hamjavuka geti. Bila namba ya mwanzo, ya wiki ya pili haina cha kulinganishwa nayo.

Aliyeongezewa spironolaktoni, enalaprili au jamaa zake: potasiamu na kreatinini, hata kama anaonekana mzima kabisa.

Aliyetulia miezi mingi, uzito haujasogea, anatembea hadi sokoni Mbuyuni na kurudi: mizani kila siku, figo na potasiamu kila baada ya miezi michache kadiri kliniki ilivyopanga, na NT-proBNP iachwe.

Aliyeanza kuhema upya na mna shaka kama ni moyo au kifua, na ana karatasi ya zamani ya NT-proBNP akiwa mzima: hapo NT-proBNP ndiyo yenye faida kubwa. Ikiwa karibu na ile ya zamani, daktari atatazama kwingine. Ikiwa imepanda mara mbili, jibu limepatikana. Ila kama anahema amekaa, au hawezi kulala chali, msianze na maabara. Nendeni mapokezi ya dharura.

Anayemeza sakubitrili: nimeshasema, na nalirudia kwa sababu ya zile siku tisa. Isiwe BNP. Na dawa isisimamishwe na mtoto wa mgonjwa kwa simu.

Kabla ya kwenda popote, iwe Moshi au Arusha, piga simu kwanza uulize wanapima kipi kati ya BNP na NT-proBNP, kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kipo leo, na bima yako inakilipia au ni mfukoni. Bei hutofautiana sana kati ya maabara na maabara, na kwa anayetoka Rombo asubuhi, kukuta kitendanishi kimekwisha ni siku nzima iliyopotea na mgonjwa aliyechoshwa bure.

Mama ana kliniki Alhamisi. Jumatatu asubuhi tunatoa damu ya potasiamu na kreatinini, maana spironolaktoni iliongezwa wiki tatu zilizopita. NT-proBNP yake ya mwisho, 980, imebandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na tarehe na jina la maabara. Mwezi huu hatuipimi. Mizani ya leo imesema kilo 61.4, na jana ilikuwa 61.3.